Wanawake wa Barnbow

Tukisoma habari za Vita Kuu ya 1914-1918 twatajiwa majemadari na askari. Wale waliojaza baruti katika makombora ya mizinga yao hutajwa mara chache. Leo tutazame kiwanda cha Barnbow, karibu na mji wa Leeds, kaskazini ya Uingereza.

Mwaka 1915 jeshi la Waingereza katika Ufaransa lilipungukiwa na makombora. Serikali yao ikaamuru viwanda vijengwe upesi. Shaba nayo ilitafutwa kila mahali. Hata ile ya Katanga iliuzwa kwa kazi hiyo. Huko Barnbow palikuwa mashamba tu, lakini kabla mwaka haujaisha makombora ya kwanza yalikuwa yamekwisha kujazwa. Wanaume walikuwa vitani, basi kazi ikashikwa na wanawake. Mwaka 1916 wafanyakazi walikuwa kama 16,000, na katika kila mia, 93 walikuwa wanawake. Walipokezana kwa zamu tatu, usiku na mchana, siku sita za juma.

Kabla ya kuingia waliacha nguo zao, wakavaa kanzu na kofia za kazi na viatu vya mpira. Kiberiti, sigara, hata kibanio cha nywele, vilikatazwa, maana cheche moja yatosha. Baruti ile iligeuza ngozi yao kuwa ya manjano. Walipewa maziwa wanywe wapendavyo, ili yawakinge. Kiwanda kilifuga ng'ombe 120 kwa ajili hiyo. Maziwa ni chakula chema, lakini si dawa ya sumu ya namna ile.

Usiku wa tarehe 5 Desemba 1916, wanawake kama 170 walikuwa wameanza zamu katika chumba cha 42. Kazi yao ilikuwa kutia katika kombora lililojaa kile kichwa cha kuliwasha, kisha mashini hukikaza. Karibu na saa nne na nusu kombora moja likapasuka. Wanawake 35 wakafa. Wengine walitambuliwa tu kwa kibati cha namba walichovaa. Fundi mmoja, William Parkin, alirudi ndani mara nyingi, akawatoa wasichana kama kumi na wawili.

Kazi ilisimama kitambo kidogo tu. Wasichana wengine walijitolea kuingia chumba kile kile. Magazeti yalikatazwa kueleza, adui asijue. Wazazi walitangaza ya kwamba binti yao amekufa kwa ajali, basi. Jemadari Haig aliwasifu wafanyakazi hao mbele ya askari wake, lakini mahali hapakutajwa.

Kunyamaza wakati wa vita twaweza kukufahamu. Lakini vita vilikwisha mwaka 1918, na habari haikutolewa wazi mpaka 1924. Miaka sita hiyo, adui aliyefichwa alikuwa nani?

Mwaka 1925, katika kanisa kuu la York, yalifunuliwa majina ya wanawake wa Uingereza waliokufa kwa sababu ya vita ile, yameandikwa juu ya mbao. Ya wale wa Barnbow yamo.