Qullatayn na Mpaka wa Hesabu

Amma baad. Ndugu msomaji, maji ya ziwa pale Kamanga ni mengi bila shaka, na ya kopo ni machache. Najisi ikiingia koponi, maji yamenajisika. Ikiingia ziwani bila kuyageuza rangi, ladha wala harufu, yamebaki twahara. Pipa la lita 200 je? Tukipunguza tone moja moja, wingi unakoma wapi?

Wayunani waliuliza hivyo kuhusu rundo la nafaka. Karne ya 20 Jan Łukasiewicz wa Poland alizipa kauli daraja kati ya 0 na 1. Lakini mwaka 1962 Bruno Scarpellini alithibitisha kuwa mantiki hiyo ikichukua maneno "kila" na "baadhi", hakuna njia ya hesabu iwezayo kuorodhesha kauli zake zote zilizo sahihi daima.

Mwenye kutawadha hangoji hesabu isiyokwisha. Wakati wa swala unatoka. Mafaqihi wa Kishafii wakashika qullatayn, na Imam Nawawi (aliyefariki 676 Hijria) katika Minhaj akaikadiria ratili 500 za Baghdad, tena kwa takriban. Basi tunasema: mpaka umewekwa ili ibada isimame, si kwa kuwa tone moja limeyageuza maji.

Wallahu aalam.