Hitilafu ya Kuwahiana

Istilahi ya Kiingereza race condition tumeirithi kutoka kwa wahandisi wa saketi. Kufikia 1954, David Huffman wa Marekani alikuwa akieleza ishara za umeme zinazokimbizana, tokeo likitegemea ipi itafika kwanza. Tafsiri ya moja kwa moja ni "hali ya mbio", nami siipendi. Mbio zina mstari wa kuanzia, mwamuzi na mshindi. Hapa mwamuzi hayupo, na kasoro yenyewe ndiyo hiyo. Nachagua "hitilafu ya kuwahiana": kazi mbili, kila moja ikiweza kuiwahi nyingine, na hakuna aliyepanga zamu.

Inaonekana waziwazi katika skripti ya sheli inayojaribu seva. Mstari wa kwanza huiwasha seva chinichini kwa alama ya &. Sheli haingoji, hurukia mstari wa pili papo hapo, na curl ikabisha hodi kwenye poti 8080. Seva ikiwa bado inasoma faili za usanidi, poti haijafunguliwa. Curl hurudi na msimbo 7, yaani imeshindwa kuunganika, na jaribio huanguka ilhali seva ni nzima. Ukirudia, linafaulu. Hapo watu huanza kuusingizia mtandao.

Wengi hupachika sleep 2 katikati. Huko ni kubahatisha: kompyuta iliyoelemewa itahitaji sekunde tano, iliyo nyepesi itapoteza mbili bure katika kila jaribio. Lisubiriwe tukio, si saa. Kitanzi kiulize poti mara kwa mara, kikome baada ya, tuseme, sekunde 30, na kila mzunguko kitumie kill -0 kuhakikisha seva ingali hai. Amri hiyo, licha ya jina lake, haiui kitu. Lakini husema tu kwamba mchakato upo, haisemi kama uko tayari. Namba ya mchakato ihifadhiwe kutoka $! mara tu baada ya &, maana ukianzisha mwingine chinichini, thamani hubadilika. Ukishaizima seva, ita wait kwa namba hiyo, jaribio linalofuata lisije likaikuta poti ingali imeshikwa.

Tarehe 14 Agosti 2003, hitilafu ya aina hii iliunyamazisha mfumo wa ving'ora wa kampuni ya FirstEnergy huko Ohio. Waongozaji hawakujua gridi yao inazidi kuharibika, na watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada wakakosa umeme.

Basi, msomaji mwenye skripti za majaribio, tafuta kila sleep iliyo nje ya kitanzi. Jiulize iliwekwa kusubiri nini, kisha andika msimbo unaosubiri hicho hicho.