Kitenzi "let" na Maana Zake Pinzani katika Kiingereza cha Mwanzo wa Karne ya 17

Msomaji anayekijua kitenzi "let" kwa maana ya kuruhusu pekee hana budi kujikwaa afikapo kwenye tamthilia ya Hamlet. Horatio na Marcellus wanamshika Hamlet asiufuate mzuka, naye, kwa kukitumia kitenzi hiki, anatishia kumuua atakayefanya hivyo. Kwa maana ya leo, anayetishiwa ni anayempisha njia. La hasha, ni anayemzuia.

Ukinzani huu una historia. Kiingereza cha Kale kilikuwa na vitenzi viwili: "lætan", yaani kuacha au kuruhusu, na "lettan", yaani kuzuia au kuchelewesha. Wanaisimu huvihusisha vyote na mzizi mmoja wenye dhana ya ulegevu na uchovu. Baadaye mabadiliko ya sauti yaliviunganisha kimatamshi, muktadha ukabaki kuwa mwamuzi.

Mfano ulio bora zaidi umo katika tafsiri ya Biblia ya 1611, Kutoka sura ya 5. Katika aya ya 1, Musa na Haruni wanamtaka Farao awaachilie watu. Kitenzi ni "let". Katika aya ya 4, Farao anawauliza kwa nini wanawazuilia watu kazi zao; kitenzi ni kile kile. Inavutia kudai kwamba mtawala analinyakua neno la ukombozi na kuwarudishia wenyewe kama shtaka. Dai hilo lina mipaka, kwani matini ya Kiebrania ina vitenzi viwili tofauti. Kejeli hiyo ni mali ya Kiingereza, tena cha enzi ile. Mhakiki anayeihusisha na mwandishi wa Kiebrania amekosea anwani.

Maana ya kuzuia ilififia hata warekebishaji wa Agano Jipya la 1881 wakaiondoa katika waraka wa pili kwa Wathesalonike. Imesalia katika lugha ya kisheria, kama ile ya pasipoti za Uingereza, na katika tenisi, mpira wa kuanzia unapogusa wavu.

Kwa mfasiri wa Kiswahili jambo hili si dogo. Shina "acha" lingeweza kuibeba sura hiyo yote: Musa angetaka watu *waachiliwe*, Farao angelalamika kwamba *wanaachishwa* kazi. Mwangwi ungebaki, ila viambishi vingezitenga maana mbili ambazo Kiingereza cha 1611 kilimwachia msomaji azitenge mwenyewe.