Kumchukua mtoto ng'ambo: tofauti ya kuasili na kafala

Mwaka jana, siku chache baada ya Idi ya mfungo mosi, mtoto wa ami yangu alinipigia simu kutoka Uingereza. Kaka yake alikuwa amefariki na kuacha mvulana wa miaka minne, ambaye analelewa na bibi yake hapa Mombasa. "Nenda kwa kadhi unipatie karatasi," akaniambia. "Nataka nimchukue huyu yatima aje asome huku. Nitamwandikisha kwa jina langu, yaishe."

Nilidhani ni kazi ya wiki moja. Ikawa miezi ya kuuliza kwa masheikh, mawakili na maafisa wa watoto. Mimi si wakili wala si sheikh, lakini najua nyumba nyingi za Pwani zina ndugu Uingereza, Marekani na Ghuba, na mazungumzo kama haya hayaishi. Ndiyo maana naandika niliyojifunza.

Kuasili ni nini, na kafala ni nini

Kisheria, kumfanya mtoto wa mwenzio kuwa wako huitwa kuasili. Ukilisikiliza neno lenyewe, ndani yake mna asili. Mahakama inapotoa amri hiyo, humpa mtoto asili mpya: jina jipya akitakiwa, wazazi wapya na haki ya kuwarithi. Uhusiano wake wa kisheria na waliomzaa hukatika.

Hapo ndipo Uislamu unaposimama. Sura ya Al-Ahzab, aya ya 4 na ya 5, inaamrisha watoto wa kulea waitwe kwa majina ya baba zao. Zayd, aliyekuwa akiitwa mwana wa Muhammad, alirudi kuitwa Zayd bin Haritha, na mapenzi ya Mtume (s.a.w.) kwake hayakupungua. Kilichokatazwa ni kubadilisha nasaba. Malezi yenyewe yamesifiwa mno, hasa ya yatima. Kumlisha, kumvisha, kumsomesha na kumlea kama wako, huku akibaki na jina la babake, ndiko kunakoitwa kafala.

Tofauti hiyo ina matokeo ndani ya nyumba. Kwanza, mtoto wa kafala hamrithi mlezi kwa sababu ya kulelewa, lakini mlezi aweza kumwachia wasia usiozidi thuluthi ya mali yake. Pili, mali aliyoachiwa na babake ni amana, haichanganywi na ya mlezi. Tatu, kuna suala la umaharimu. Ndugu yangu ni ami wa mtoto huyu, lakini mkewe si maharimu wake. Mtoto akibaleghe, itabidi wakae kwa stara. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, kunyonyeshwa mara tano kabla ya kutimia miaka miwili kungelimfanya mama huyo kuwa mamake wa kunyonya. Kwa mtoto wa miaka minne, mlango huo umeshafungwa.

Yatima ni nani?

Sisi tukisema yatima, tunakusudia mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Mzungu akisikia neno hilo likitafsiriwa, mara nyingi huelewa mtoto asiye na baba wala mama. Mamake mtoto wetu yu hai. Ameolewa tena, yuko Lamu. Katika simu zote zile, hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Usilione hili kuwa dogo. Oktoba 2007, huko Abéché mashariki mwa Chad, watu wa shirika la Kifaransa lililoitwa L'Arche de Zoé walikamatwa wakijiandaa kuwapakia ndege watoto 103 kuwapeleka Ufaransa. Walidai ni mayatima wa vita vya Darfur. Mashirika ya kimataifa yalipowahoji watoto hao, 91 walisema walikuwa wakiishi na familia yenye angalau mtu mzima mmoja waliyemhesabu kuwa mzazi. Wengi walitoka vijiji vya Chad kwenyewe. Wazazi walioulizwa walisema waliahidiwa shule, hawakuambiwa watoto wanavushwa bahari. Desemba mwaka huo, Wafaransa sita walihukumiwa miaka minane ya kazi ngumu. Walirudishwa kwao, na Machi 2008 Rais Idriss Déby akawasamehe.

Ndugu yangu si mwizi wa watoto. Lakini karatasi inayosema "yatima" bila kumtaja mama aliye hai ni karatasi ya uongo, hata ikiwa nia ni njema.

Sheria zasemaje

Mkataba wa The Hague wa 1993 ndio unaosimamia kuasili mtoto kutoka nchi moja hadi nyingine, na Kenya iliingia mwaka 2007. Msingi wake ni huu: kwanza atafutiwe malezi katika nchi yake, wazazi wakubali kwa hiari na kwa kuelewa, na pesa isiwe chambo. Nchi mbili zote zishirikiane kupitia ofisi zao rasmi, si kupitia dalali.

Kwetu, Novemba 2014 serikali ilisimamisha wageni kuasili watoto wa Kenya kwa hofu ya biashara ya watoto, na mwaka 2019 Baraza la Mawaziri likapiga marufuku. Anayefikiria njia hiyo aanzie ofisi ya watoto aulize hali ilivyo leo, kabla ya kumlipa mtu yeyote.

Sheria ya Watoto ya 2022 imeitambua kafala kuwa mojawapo ya njia za kumlea mtoto aliyekosa malezi ya wazazi. Hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, katika kifungu cha 20, unaitaja kafala kwa jina. Hilo ni jambo la kujivunia. Tatizo huanza uwanja wa ndege.

Kafala ikivuka mpaka

Nchi nyingi za Ulaya haziichukulii kafala kuwa sawa na kuasili. Mwaka 2012, katika kesi ya Harroudj dhidi ya Ufaransa, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema Ufaransa haikukosea ilipomkatalia mama aliyemlea binti kutoka Algeria kwa kafala kumfanya mtoto wake kamili. Mwaka 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilihukumu kesi ya mtoto mwengine wa Algeria ambaye walezi wake, raia wa Ufaransa, waliishi Uingereza. Ikasema mtoto wa kafala hahesabiwi mtoto wa kuzaliwa, lakini serikali iangalie maslahi yake na imrahisishie kuingia kama mtu wa familia. Tangu hapo Uingereza imejitoa katika Umoja huo, kwa hivyo mtu asiitegemee hukumu hiyo kama tiketi.

Zaidi ya hayo, anayeishi Uingereza akimwingiza mtoto kwa nia ya kumuasili bila kukaguliwa na kuidhinishwa kwanza na wakala wa huko, amefanya kosa la jinai. Na barua ya kadhi pekee haitamuokoa. Katiba yetu, kifungu cha 170, imeipa Mahakama ya Kadhi masuala ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Barua yake haigeuki kuwa viza.

Kabla ya kukata tiketi

Kwa mwenye nia kama ya ndugu yangu, huu ndio mpangilio niliouona una maana:

1. Mzazi aliye hai aulizwe, mbele ya wazee wa pande zote mbili, na jibu lake liheshimiwe hata likiwa la.
2. Cheti cha kuzaliwa na cha kifo cha baba viwe sahihi. Jina la baba lisiguswe.
3. Afisa wa watoto ajulishwe mapema, kabla ya ahadi yoyote kwa mtoto.
4. Wakili wa uhamiaji katika nchi anakokwenda mtoto aulizwe swali moja: kafala ya Kenya inampa mtoto haki gani huko?
5. Mali ya mtoto iandikwe, ijulikane nani anaishika.
6. Mlezi aandike wasia mapema.

Sisi tulianza na la kwanza. Bibi yake mtoto, mamangu mdogo na mimi tulipanda basi hadi Lamu. Mamake alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Akinililia usiku, nani atanipigia simu?" Hatukuwa na jibu.

Kwa sasa mtoto yuko kwa bibi yake. Ami yake analipa karo ya shule na madrasa kila muhula, na mamake humjia kila likizo. Hiyo nayo ni kafala, kwani hakuna sharti la kumpandisha ndege. Huenda akikua aende kusoma huko, na atakwenda na jina la babake. Wazee walisema mwacha asili ni mtumwa. Mtoto wa miaka minne hawezi kuiacha asili yake; ni sisi watu wazima tunaoweza kumwachisha, kwa saini moja tu.