Nani Mwenye Mtandao? Historia ya Ruta Binafsi Ofisini

Mfanyakazi anapoleta ruta yake ya Wi-Fi kutoka nyumbani na kuichomeka kwenye tundu la mtandao ukutani mwa ofisi, mafundi huona wamepatwa na ukorofi wa zama hizi za intaneti. Lakini suala la nani anaruhusiwa kuunganisha nini kwenye mtandao wa mwenzake lilibishaniwa nchini Marekani muda mrefu kabla kompyuta haijafika mezani kwa karani, na hukumu zilizotolewa huko zilifungua njia ambayo intaneti ilipita kuwafikia watu wa kawaida. Historia hiyo inathibitisha jambo moja: mwenye mtandao ana haki ya kukataa kifaa kwa sababu ya madhara anayoweza kuyaonyesha, si kwa sababu tu hakukileta yeye, na akishakataa, anabaki na wajibu wa kuitimiza haja iliyomfanya mtu akilete.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, kampuni ya AT&T ilitawala karibu mfumo wote wa simu wa Marekani, kuanzia nyaya za barabarani hadi simu iliyokaa mezani kwa mteja. Simu yenyewe ilikuwa ya kukodi, na masharti ya huduma yalikataza kuambatisha chochote kisichotoka kwa kampuni. Katazo hilo lilikigusa hata kikombe kidogo kilichoitwa Hush-A-Phone, kilichopachikwa kwenye sehemu ya kuzungumzia ili walioketi jirani ofisini wasisikie maneno ya msemaji. Kikombe hicho hakikuwa na waya wala umeme. Watengenezaji wake walipopeleka malalamiko mwaka 1948, AT&T ilidai kwamba kinaharibu usikivu, na mwaka 1955 Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ikakubaliana nayo. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ya Washington iliutengua uamuzi huo. Majaji waliona kwamba mtu akikinga mdomo kwa viganja vyake anapata matokeo yale yale, na hakuna anayemzuia. Kwa nini basi azuiwe kutumia kikombe kisichomdhuru mwingine? Mmoja wa wataalamu waliokitetea kikombe hicho alikuwa Leo Beranek, bingwa wa elimu ya sauti. Kampuni aliyoshiriki kuianzisha ndiyo iliyokuja kutengeneza mitambo iliyounganisha kompyuta za kwanza za ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, mwaka 1969.

Hukumu ile ilihusu kikombe kisichogusa umeme. Hatua kubwa zaidi ilipigwa na Thomas Carter wa Texas, aliyebuni chombo cha kuunganisha redio ya mawasiliano na simu, ili watu waliokuwa mbali kwenye visima vya mafuta na mashamba ya mifugo waweze kuzungumza na aliye mjini. AT&T iliwatishia wateja waliokitumia, naye Carter akaenda kudai haki. Mwaka 1968 FCC iliamua kwamba masharti yanayokataza vifaa vyote vya nje bila kuangalia kama vinadhuru au la hayana uhalali. AT&T haikukata tamaa: ikawataka wenye vifaa vya nje wakodi kwanza kifaa chake cha kinga. Ndipo, kuanzia mwaka 1975, FCC ilipoweka utaratibu wa usajili: kifaa kikipimwa na kuonekana hakidhuru laini, mteja anaruhusiwa kukichomeka mwenyewe kwenye tundu la aina moja linalojulikana kote. Kupitia tundu hilo ziliingia mashine za faksi, za kupokea ujumbe, na modemu zilizounganisha mamilioni ya nyumba na intaneti. Kilichofanya kazi hapo kilikuwa kipimo cha wazi, kilichokaa mahali pa katazo la jumla.

Wakati huo huo njia ya pili ilikuwa ikitengenezwa hewani. Mwaka 1985 FCC iliruhusu vifaa vya mawasiliano vya nguvu ndogo vitumie bila leseni masafa kadhaa ya redio, yakiwemo ya 2.4 GHz ambayo tanuri za mikrowevu zilikuwa zikitumia. Taasisi ya wahandisi ya IEEE ilitoa kiwango cha kwanza cha mtandao usio na waya mwaka 1997, kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde. Miaka miwili baadaye kasi ilifika 11. Mwezi Julai 1999 kampuni ya Apple ilizindua kituo chake cha AirPort kwa dola 299. Bei hiyo ndiyo iliyobadilisha mambo. Kifaa cha namna hii hakikuhitaji tena bajeti ya idara wala idhini ya mkurugenzi. Mtu mmoja aliweza kukinunua kwa fedha zake. Ofisi nyingi zilikuwa bado na matundu machache ya ukutani wakati wafanyakazi wanaanza kutembea na kompyuta mpakato. Aliyetaka kuingia kwenye chumba cha mkutano na kompyuta yake ikiwa bado mtandaoni alijitafutia dawa.

Hapa haki inataka tukubali kwamba mafundi wa ofisi wana hoja ambayo AT&T haikuwa nayo. Ruta ya nyumbani imeundwa kuwa bwana wa mtandao mdogo: inagawa anwani kwa kila kompyuta inayoomba. Ikichomekwa vibaya kwenye mtandao wa ofisi, inaweza kuanza kugawa anwani zake kwa kompyuta za idara nzima, nazo zikapotea njia. Isitoshe, mawimbi yake hayaishii ukutani. Aliye kwenye maegesho ya magari anaweza kujikuta ndani ya mtandao ambao ulinzi wake wote ulijengwa kumzuia mtu wa nje. Ufunguo wa usiri uliotumika miaka ya mwanzo, WEP, ulionyeshwa mwaka 2001 na Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir kuwa unavunjika. Hayo ni madhara yanayoweza kuonyeshwa kwa kipimo, kwa hiyo katazo lina msingi. Ndiyo maana kanuni za usalama za kadi za malipo zilikuja kuwataka wafanyabiashara wakague kila baada ya miezi mitatu kama kuna kifaa kisichoidhinishwa.

Lakini wengine huenda mbali zaidi. Husema mtandao wa ofisi ni mali binafsi, tofauti na simu ya umma, na kwamba usalama hauna mjadala. Kisheria sehemu ya kwanza ni kweli: hukumu za simu hazimlazimishi mwajiri kuipokea ruta ya mwajiriwa. Busara ya hukumu hizo, hata hivyo, haikufungwa kwenye simu. Angalia yaliyoipata TJX, kampuni ya maduka ya Marekani. Kuanzia mwaka 2005 wezi walipenya kupitia mtandao wa Wi-Fi wa duka uliolindwa kwa WEP, na kampuni ilieleza kwamba namba za kadi zisizopungua milioni 45.7 ziliibwa. Mlango huo haukufunguliwa na ruta ya siri ya mfanyakazi. Ulikuwa mtandao rasmi wa kampuni yenyewe, wenye kufuli lililojulikana kuwa bovu. Hatari hutokana na udhaifu wa ulinzi, na udhaifu hauulizi kifaa kimenunuliwa na nani. Mkuu wa idara anayehesabu ruta za wafanyakazi huku za kwake zimechakaa analinda mamlaka, halindi mtandao.

Tena, neno usalama limewahi kutumika kama kisingizio. Mamlaka ya uwanja wa ndege wa Logan, Boston, iliitaka Continental Airlines iondoe antena ya Wi-Fi iliyowapa abiria huduma ya bure kwenye ukumbi wake, ikitaja mawasiliano ya vyombo vya usalama. Wakati huo huo huduma ya uwanjani ilitozwa ada. FCC iliipa haki Continental mwaka 2006. Mwaka 2014 kampuni ya hoteli ya Marriott ilikubali kulipa dola 600,000 kwa kuvuruga Wi-Fi binafsi za watu kwenye ukumbi wa mikutano wa Nashville, mahali ambapo huduma ya hoteli iliweza kufika dola 1,000 kwa kifaa kimoja. Watu hao hawakuwa wameugusa mtandao wa Marriott hata kidogo.

Huenda mtu akasema ubishi huu umepitwa na wakati, kwa kuwa sasa kila simu ya mkononi inaweza kuwa kituo cha Wi-Fi. Simu hizo zimeuhamisha tu ubishi. Mfanyakazi aliyekosa mtandao mzuri huzipitisha nyaraka za ofisi kwenye laini yake, mahali ambapo fundi haoni kitu kabisa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na ofisi inayoadhibu ruta bila kuuliza kwa nini ililetwa inafundisha watu wake kuficha. Ruta ngeni ikikutwa chini ya meza, na iondolewe siku hiyo hiyo. Kisha fundi aende na kipimo chake kwenye chumba hicho, apime nguvu ya mawimbi, ahesabu matundu na watu, na aweke huduma rasmi inayotosha. Waamerika walichukua takriban miaka thelathini, tangu malalamiko ya kikombe hadi usajili wa vifaa, kutambua kwamba katazo bila kipimo halilindi mtandao. Ofisi ya leo haina sababu ya kuanza safari hiyo upya.