Maji ya Flint: kuchemsha hakukutosha

Kila familia iliyokimbia vita hapa kwetu inajua neno hili: maji uyachemshe ao utie klori, ndipo unywe. Ni kweli kwa kipindupindu. Lakini katika mji wa Flint, jimbo la Michigan huko Marekani, wakaaji walikutana na sumu isiyoogopa moto.

Flint ulikuwa mji wa viwanda vya magari. Vingi vilipofungwa, mji ukakosa pesa, na liwali wa jimbo akaweka msimamizi juu ya viongozi waliochaguliwa na raia. Ili kupunguza matumizi, tarehe 25 Aprili 2014 mji uliacha maji ya Detroit, ukaanza kuvuta ya mto Flint.

Maji hayo yalikula mabomba, kwa sababu dawa ya kuyakinga haikutiwa. Na mabomba mengi ya kuingia nyumbani yalikuwa ya zamani, ya madini ya risasi, yale ambayo kwa Kifaransa tunaita plomb. Kutu ilionekana kwa rangi ya kahawia. Risasi haina rangi wala harufu, nayo inaharibu ubongo wa mtoto. Ukichemsha, maji yanapungua, risasi inabaki.

Akina mama walipeleka chupa za maji machafu mikutanoni. Wakajibiwa kwamba maji ni salama. Oktoba 2014, kiwanda cha General Motors kiliyaacha maji hayo kwa kuwa yalitia kutu vyuma vya injini. Vyuma vikaokolewa, watoto wakangoja mwaka mzima.

Septemba 2015, daktari wa watoto Mona Hanna-Attisha alionyesha kwamba watoto wenye risasi nyingi katika damu wameongezeka kutoka 2.4 kwa mia hadi 4.9 kwa mia. Tarehe 16 Oktoba mji ukarudia maji ya Detroit. Baadaye mabomba yalichimbuliwa, na malipo ya zaidi ya dolari milioni 600 yakakubaliwa. Lakini dolari hazirudishi ubongo ulioharibika.

Sisi tunaongojea bomba mtaani ao kambini, tuendelee kuchemsha maji. Pia tuulize: maji haya yanatoka wapi, yanapita katika bomba gani, na nani ameyapima? Mama anayechota ndiye wa kwanza kuona yamebadilika. Akisema, maji yapimwe kwanza, ndipo ajibiwe.