GPS Tunayo, Wa Kutungoja Ndiye Hayupo

Wasee, juzi usiku nilitoka Githurai nikielekea Rongai. Nikashuka tao, nikakimbia hadi Railways, nikafika tu gari likitoka. Lililofuata lilikaa steji karibu saa nzima likingoja kujaa. Simu yangu ina GPS, na matatu nyingi siku hizi zina GPS pia. Mbona hazikunisaidia?

Turudi nyuma kidogo. Kenya Bus Service ilianza Nairobi 1934. Halafu 1973 Mzee Kenyatta akaruhusu matatu zibebe abiria bila leseni ya uchukuzi wa umma. Mitaa ambayo basi halikufika ikapata usafiri, na hilo tusilidharau. Lakini kila gari likawa na mwenyewe, na kila mwenyewe na hesabu yake ya jioni.

Miaka 40 baadaye, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na watafiti wa MIT na Columbia walipanda matatu na simu mkononi, wakirekodi steji moja baada ya nyingine. Mradi uliitwa Digital Matatus. Ramani ilitoka 2014 ikiwa na njia zaidi ya 130, na 2015 zikaingia Google Maps. Kazi safi. Lakini ramani hiyo inakuonyesha gari hupita wapi, si liko wapi saa hii.

Sasa cheki Salt Lake City, Marekani. Treni zao za TRAX zilianza 1999. Baadaye shirika la usafiri likaweka mfumo unaofuatilia treni: ikichelewa kidogo, dereva wa basi anatumiwa ujumbe angoje. Treni na basi ni za shirika moja, na dereva ana mshahara. Kungoja hakumtoi pesa mfukoni.

Hapa kwetu dere akiningoja, ni hesabu yake inaumia. GPS ya gari inamwonyesha tajiri mali yake iko wapi. Abiria haonyeshwi kitu.

Kwa hivyo shida si mitambo, ni makubaliano. Magari tayari yako kwenye sacco. Sacco mbili zinaweza kuanza na gari la mwisho la usiku tu: liwe na saa yake, dere aone kwenye simu gari linaloleta watu liko wapi, na angoje dakika tano. Kwa mama anayetoka shifti usiku, hizo dakika tano ndizo kufika nyumbani.